Mwenye Vyombo Ndiye Mwenye Bendi

Bendi kubwa ya muziki inapovunjika, watu hawakosi sababu. Watasema ni wivu, ni pombe, ni mwanamke, ni uchawi wa bendi pinzani, au ni kiongozi aliyelewa sifa. Mijini Arua na Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, ambako muziki wa Kongo umechezwa baani, sokoni na arusini kwa vizazi kadhaa, sababu hizo zilitolewa juu ya OK Jazz, zikatolewa juu ya Wenge Musica, na leo hutolewa juu ya kila kikundi cha vijana kinachotoa nyimbo mbili tatu kisha kikasambaratika. Sikatai kwamba wanamuziki huoneana wivu. Ninachokataa ni kuufanya wivu kuwa historia. Tukizifuata bendi za Afrika Mashariki na Kongo hatua kwa hatua, tukatazama nani aliondoka, aliondoka na nini, na aliyebaki alibaki na nini, tutaona kwamba nyingi zilivunjika pale ambapo wapigaji hawakuwa na fungu lolote katika vyombo walivyovipiga wala katika jina walilolijenga. Kuhama bendi ndiyo iliyokuwa njia yao ya kudai haki. Hoja hiyo ndiyo nitakayoitetea hapa, kwa sababu inawagusa wanamuziki wa West Nile wa leo kuliko wengi wao wanavyodhani.

West Nile ni mahali pazuri pa kuitazamia habari hii, ingawa bendi nyingi nitakazozitaja hazikuzaliwa hapa. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, milki ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake likakabidhiwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda. Mpaka wa Kongo uko kilomita chache kutoka mjini Arua, na Koboko iko pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Kiswahili kilifika kwa njia ya biashara na jeshi, hasa lile la wakoloni Waingereza, King's African Rifles, lililoandikisha vijana wengi wa hapa. Kilingala kilivuka mpaka pamoja na mizigo, ndugu na santuri. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya mwaka 1980 na 1981, watu wengi sana wa West Nile walikimbilia Zaire, yaani Kongo ya leo, na Sudan, wakaishi huko miaka kadhaa kabla ya kurudi. Ukimbizi huo uliwazidishia watu wa hapa mazoea ya rumba na ya lugha yake. Kwa hiyo msikilizaji wa Arua huzisikia Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Kinshasa kwa pamoja, na anaweza kuzilinganisha bila kuwa mpenzi wa upande mmoja.

Eneo hili lina pia kipimo chake cha zamani. Adungu, kinanda cha nyuzi chenye shingo iliyopinda, ambacho Waalur na majirani zao wamekipiga kwa muda mrefu, hutengenezwa kwa mti uliochongwa na ngozi ya ng'ombe. Kikundi cha adungu huwa na vinanda vya ukubwa mbalimbali, vidogo vikipandisha sauti na vikubwa vikijibu kwa uzito, na vyote vinaweza kutengenezwa kijijini kwa mikono ya watu wa hapo hapo. Mpigaji akikosana na wenzake anaweza kuondoka na chake, na waliobaki wakachonga kingine. Gita la umeme haliko hivyo. Bendi ya dansi ya miaka ya 1960 na 1970 ilihitaji magita matatu au manne, vipaza sauti, drams, tumba, saksofoni na tarumbeta, na karibu vyote viliagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni. Kijana mwenye kipaji hakuwa na uwezo wa kuvinunua. Ndipo akaingia mtu wa tatu kati ya mpigaji na msikilizaji, naye ni mwenye vyombo: mwenye baa, mfanyabiashara, chama cha wafanyakazi, shirika la umma, au kikosi cha jeshi. Hali ya mwanamuziki ikawa kama ya kijana wa bodaboda wa Arua anayeendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea tajiri hesabu kila jioni. Ustadi ni wake, jasho ni lake, abiria wanamjua yeye, lakini siku wakikosana na tajiri anarudi nyumbani kwa miguu.

Dar es Salaam inatupa ushahidi ulio wazi, kwa sababu huko wenye vyombo walijulikana kwa majina. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha taifa, na wanamuziki wake walilipwa mshahara kama waajiriwa wengine. Mwaka 1978 kampuni ya usafiri na teksi ilianzisha Mlimani Park, ikampata Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa nguzo ya NUTA. Kampuni hiyo ilipokwama, mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye bendi ya Safari Sound, aliwavuta kwake wanamuziki sita muhimu wa Mlimani Park, Gurumo na mpiga gita Abel Balthazar wakiwamo. Baadaye bendi hiyo ya Kisima nayo ikafungwa, na Gurumo akarudi katika bendi ya chama cha wafanyakazi alikotokea. Wapenzi wa muziki wa dansi waliisimulia safari hii kama habari ya uhasama, vijembe na mafumbo ndani ya nyimbo, na uhasama ulikuwapo kweli. Lakini tutazame nani alikuwa akiamua. Kampuni ikiishiwa, bendi inabadilishiwa tajiri. Tajiri mwingine akiwa na vyombo bora na fedha za kutoa, bendi ya jirani inapungukiwa watu. Tajiri akichoka, bendi inakufa hata kama ukumbi hujaa kila Jumamosi. Jina nalo liliweza kufuata mali: Matimila, bendi iliyomkuza mwimbaji Remmy Ongala hadi akajulikana Ulaya, ilichukua jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo vyake.

Msomaji wa West Nile ataniuliza mara moja: je, Uganda si habari nyingine kabisa? Je, bendi zetu hazikuvunjwa na siasa ya miaka ya 1970? Swali hili lina uzito, na kwa watu wa Koboko lina uchungu, kwa kuwa Amin alikuwa mtu wa asili ya huko. Ni kweli kwamba mapinduzi ya 25 Januari 1971 yalileta hofu ya usiku, na bendi huishi kwa usiku. Ni kweli kwamba kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliparaganyisha biashara ya kuagiza bidhaa, na vyombo vya muziki ni bidhaa. Ni kweli pia kwamba bendi zilikimbia. Orchestra Makassy, iliyoundwa Kampala na Mzee Makassy kwa wanamuziki wa Kongo na Uganda, ilihamia Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1970. Les Kinois ya Samba Mapangala, iliyokuwa ikipiga Kampala, iliondoka kwenda Nairobi mwaka 1977. Mtu akiishia hapo atasema kesi imekwisha: mwuaji wa bendi ni serikali ya kijeshi.

Tukiendelea mbele, ushahidi unageuka. Makassy haikuvunjika chini ya Amin. Iliondoka Kampala ikiwa bendi, ikapata nguvu mpya Dar es Salaam, ikampokea Remmy Ongala kutoka Kongo mwaka 1978, kisha mpiga gita Mose Fan Fan aliyewahi kuwa na OK Jazz. Mwaka 1982 ikahamia Nairobi na kurekodi albamu Agwaya iliyotolewa na kampuni ya Virgin ya Uingereza. Remmy hakufuatana nayo; alibaki Dar es Salaam na Matimila. Fan Fan akaenda kujenga bendi yake, Somo Somo. Bendi iliyostahimili kukimbia nchi ikasambaratika katika miji yenye amani, tena wakati mlango wa dunia ulipokuwa umefunguka. Les Kinois nayo iliishia Nairobi, na mwaka 1981 Mapangala akaanzisha Virunga. Kwa upande mwingine, ndani ya Kampala ile ile, tarehe 31 Agosti 1975, wanamuziki wanane waliotoka katika bendi ya Cranes walianzisha Afrigo, na Afrigo ilidumu chini ya Amin, ikadumu katika vita vilivyofuata, na imetimiza nusu karne. Kama siasa ingekuwa ndiyo inayovunja bendi, Afrigo isingezaliwa wala isingeishi. Siasa ilizihamisha bendi, ikazikosesha usingizi na fedha. Tukitaka kujua kwa nini zilivunjika, yatupasa kutazama ndani yake.

Hakuna mfano unaotusaidia kutazama ndani kuliko wa Wanyika. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walianzia Tanga katika Jamhuri Jazz miaka ya 1960. Mwaka 1970 walikwenda Arusha na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka wa Kenya, na huko bendi yao ikajulikana kama Simba Wanyika. Waliimba Kiswahili kilichoeleweka kuanzia Mombasa hadi Bukavu, juu ya magita yaliyojibizana kwa utulivu na saksofoni iliyoingia kwa wakati wake. Mwaka 1978, bendi ikiwa na jina kubwa, kundi la wanamuziki liliondoka na kuunda Les Wanyika. Swali la kuuliza ni hili: walioondoka walikuwa akina nani? Ndugu Kinyonga, waliokuwa waimbaji, watunzi na viongozi, walibaki. Waliokuwa mstari wa mbele katika kuondoka ni watu wa safu ya nyuma: Omar Shabani wa gita la rithim, Tommy Malanga wa besi, Rashid Juma wa drams. John Ngereza, mwimbaji na mpiga gita, akawa sauti ya bendi mpya, na wimbo wao Sina Makosa ukavuma Afrika Mashariki nzima. Mwimbaji Issa Juma naye akafanya bendi yake, Super Wanyika. Kwa kipindi fulani Nairobi ikawa na bendi kadhaa zenye neno Wanyika katika majina yao.

Mgawanyiko huu unasema mengi hata bila mtu kutoa ushahidi wa kilichozungumzwa mazoezini. Kama ungekuwa ugomvi wa sifa tu, tungetarajia waimbaji wawili kugombea kipaza sauti. Hapa waliotoka ni wale ambao majina yao hayakuandikwa kwa herufi kubwa, ambao rithim na besi zao ndizo zilizomfanya mtu asimame kucheza, lakini ambao katika mpango wa kawaida wa bendi walilipwa kama wasaidizi. Miaka miwili kabla, mwaka 1976, jambo kama hilo lilitokea Nairobi hiyo hiyo: wanamuziki wa Baba National, bendi ya Baba Gaston kutoka Kongo, waliondoka na kuunda Les Mangelepa, Baba Gaston akiachwa na jina lake. Bendi mbili, viongozi wawili, wapigaji waliohama kwa pamoja. Mtu mmoja akihama, tunaweza kusema ana kiburi. Safu nzima ikihama, hayo ni madai ya kazi. Wanamuziki hawa walikuwa wageni Nairobi, wakiishi kwa vibali vya kazi. Mara nyingi aliyerekodi santuri alilipwa fedha za siku hiyo, na santuri ilipoendelea kuuzwa yeye hakuona senti. Mwalimu au mfanyakazi wa bandari angeweza kugoma akabaki na ajira yake. Mpiga besi akigoma, kesho yake kiti kina mtu mwingine. Silaha aliyokuwa nayo ni kuondoka na wenzake, kwa sababu muziki wenyewe ulikuwa mikononi mwao na ulitoka nao.

Lakini waliondoka na muziki tu, bila mali, na hapo ndipo suala la jina linapoingia. Kwa nini walioiacha Simba Wanyika waliendelea kujiita Wanyika? Kwa sababu jina lilikuwa ndilo akiba waliyoijenga kwa miaka saba, na hapakuwa na karatasi yoyote iliyosema fungu la nani ni lipi. Kinshasa ilipitia jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Franco Luambo, kiongozi wa OK Jazz tangu miaka ya mwanzo ya bendi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1956, alifariki tarehe 12 Oktoba 1989. Wanamuziki wakaendelea chini ya Lutumba Simaro, wakigawana mapato na familia ya marehemu. Mwishoni mwa 1993 mashauriano juu ya mgawo yalishindikana. Vyombo vikarudishwa kwa familia, na wanamuziki wakaanza upya kwa jina la Bana OK. Bendi iliyoongoza muziki wa Afrika kwa zaidi ya miaka 30 ilimalizwa na suala la urithi. Simaro alikuwa ametumikia bendi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatunga nyimbo zinazopigwa hadi leo, lakini mbele ya urithi alihesabiwa mwajiriwa.

Wenge Musica, ambayo kwa kizazi cha Arua kilichokua miaka ya 1990 ndiyo bendi ya bendi zote, ilianzishwa mwaka 1981 na vijana wa mtaa wa Bandalungwa mjini Kinshasa, Didier Masela akiwa mwanzilishi. Ilikuwa bendi ya marafiki, na ndiyo iliyokuwa fahari yake: JB Mpiana, Werrason, Blaise Bula, Adolphe Dominguez na Alain Makaba walipanda pamoja hadi albamu Pleins Feux ya mwaka 1996. Mwaka 1997 Mpiana alitoa albamu yake binafsi iliyofanikiwa sana, na mnamo Desemba mwaka huo bendi ikagawanyika. Mpiana akabaki na Wenge BCBG. Werrason, Masela na Dominguez wakaunda Wenge Musica Maison Mère. Baadaye Dominguez akatoka na Wenge Tonya Tonya, na mwenzao Marie-Paul akawa na Wenge El Paris. Kwenye vibanda vya kaseti vya mpakani mteja alilazimika kueleza Wenge ipi. Ndugu wa nyumba moja walinuniana kwa ajili ya Mpiana na Werrason, wakidhani wanapima nani mkubwa. Swali lililoivunja bendi lilikuwa jepesi zaidi na gumu zaidi: mmoja akitumia umaarufu uliojengwa na wote kuuza albamu yake, wengine wana haki gani? Urafiki haukuwa na jibu, na mkataba wa kujibu haukuwapo. Tarehe 30 Juni 2022, karibu miaka 25 baadaye, walikutana tena jukwaani katika uwanja wa Stade des Martyrs, na umati uliofurika ulionyesha thamani ya jina ambalo hakuna aliyeweza kulimiliki peke yake.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba bendi huvunjika hata katika nchi zenye sheria na fedha. Ni kweli. Brazil ilikuwa na bendi ya roki iliyopendwa mno, Legião Urbana, iliyoanzishwa Brasília mwaka 1982 na kuishia Oktoba 1996 alipofariki mwimbaji wake Renato Russo. Huko nako mrithi wa mwimbaji na wanamuziki wawili waliobaki, Dado Villa-Lobos na Marcelo Bonfá, waligombania matumizi ya jina kwa miaka mingi. Tofauti ni kwamba ugomvi wao ulikuwa na mahali pa kwenda: jina lilikuwa limesajiliwa, karatasi zilikuwapo, na mwaka 2021 mahakama ya juu iliamua kwamba wanamuziki hao wawili wanaweza kulitumia. Hakuna sheria itakayowazuia watu kufarakana wala kufa. Sheria inaweza kuhakikisha kwamba anayeondoka haondoki mikono mitupu, na kwamba anayebaki hajifanyi mmiliki wa jasho la wote. Rashid Juma na Tommy Malanga hawakuwa na mahakama ya kupeleka madai kama hayo. Walikuwa na miguu yao.

Kuna pingamizi jingine, na hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote: je, kuvunjika kwa bendi hakukuunufaisha muziki? Bila mfarakano wa 1978 tusingekuwa na Les Wanyika. Bila kuondoka kwa wanamuziki wa NUTA, Mlimani Park isingepata sauti yake. Cranes isingepasuka, Afrigo isingekuwapo. Hata Virunga imetoka katika magofu ya Les Kinois. Ninakubali kwamba msikilizaji alipata nyimbo nyingi zaidi, na ninakubali kwamba ustadi ulisambaa kwa kuhamahama huko: mpigaji alibeba mtindo wa Kinshasa hadi Kampala, wa Kampala hadi Dar es Salaam, na wa Tanga hadi Nairobi. Lakini faida ya msikilizaji isitufiche gharama ya mpigaji. Kila mgawanyiko ulimrudisha mwanamuziki kwenye sifuri: kutafuta vyombo vya kukodi, baa ya kupigia, jina la kujitangaza. Wengi walifanya kazi hiyo upya mara tatu au nne katika maisha yao, na miaka yao ya kukusanya ikapita wakianza. George Kinyonga alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Simba Wanyika iliisha pamoja nao, na haikuacha taasisi yoyote ya kuwapokea vijana wa kizazi kilichofuata. Muziki ulienea, na waliouzaa walizeeka bila kitu. Sioni kuwa hiyo ni bei ambayo sanaa ilipaswa kulipa. Nyimbo zile zile zingeweza kutungwa na watu wenye fungu lao.

Bendi zilizodumu zinathibitisha jambo hili kwa upande wake wa pili. NUTA Jazz ilibadilisha jina mara kadhaa kadiri chama mama kilivyobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Iliwapoteza waimbaji wakubwa, Gurumo akiwamo, lakini haikufa, kwa kuwa kwa miongo mingi iliegemea taasisi iliyolipa mshahara na haikumtegemea mtu mmoja. Na ndiyo maana aliyeondoka alikuwa na mahali pa kurudi. Afrigo ilidumu kwa njia nyingine. Ilianzishwa na wanamuziki wenyewe, na uongozi wake umebaki mikononi mwa mpigaji, Moses Matovu, aliyekuwapo siku ya kwanza na saksofoni yake. Afrigo nayo iliondokewa na watu. Rachel Magoola, kwa mfano, alikwenda kufanya kazi zake mwenyewe na hatimaye akawa mbunge. Kuondoka kwao hakukuibomoa nyumba. Msondo na Afrigo hazifanani kwa muziki, kwa lugha wala kwa siasa ya nchi zao. Zinafanana kwa jambo moja: mpigaji alijua anasimama wapi.

Huenda kijana akasema kwamba haya yote ni ya enzi ya drams na tarumbeta, na kwamba leo wimbo hutengenezwa kwa kompyuta katika chumba kimoja, bila mwenye vyombo wa kumwogopa. Mwaka 2004 shindano la Popstars lililodhaminiwa na Coca-Cola liliunda vikundi vitatu katika nchi tatu: Sema nchini Kenya, Wakilisha nchini Tanzania, na Blu*3 nchini Uganda. Katika Blu*3 walikuwa Lillian Mbabazi, Cinderella Sanyu anayejulikana kama Cindy, na Jackie Chandiru, ambaye asili yake ni West Nile na ambaye watu wa Arua walijivunia kumwona kwenye televisheni. Vikundi vyote vitatu vilipendwa upesi, na vyote vitatu vilivunjika. Blu*3 ndiyo iliyokaa zaidi: Cindy alitoka mwaka 2008 na nafasi yake ikajazwa, kisha kikundi kikaisha na kila mmoja akashika njia yake. Hapo hapakuwa na gita la kugombania. Lakini vikundi hivyo vilikuwa vimeundwa na shindano, vikapewa majina na mkataba kutoka nje, na waimbaji wake walikutanishwa na majaji. Studio, video, promosheni na mkataba vimechukua nafasi ya vipaza sauti na drams. Mwenye navyo ndiye mwenye vyombo wa leo, na mwimbaji asiye na fungu ndani yake yuko pale pale aliposimama mpiga besi wa Nairobi mwaka 1978.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wanaopiga na kuimba Arua, Koboko, na miji yote ya West Nile, wawe wa adungu, wa kanisani, wa harusini au wa studio. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, ina chama cha kukusanya mirabaha, UPRS, na ina ofisi ya usajili, URSB, ambako jina la kikundi linaweza kuandikishwa. Kabla ya kurekodi wimbo wa kwanza, kaeni chini mwandike: jina ni la nani, vyombo vilivyonunuliwa kwa mapato ya pamoja ni vya nani, anayeondoka anachukua nini, akifa mmoja familia yake inapata nini, na mmoja akitoa kazi yake binafsi wenzake wana haki gani. Msione aibu kuyaandika mkiwa marafiki, maana Wenge walikuwa marafiki. Mjini Arua, uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, viongozi wanaotaka utamaduni wa hapa ukue wangefanya jambo la maana kununua vyombo vya umma ambavyo vikundi vinaweza kukodi kwa bei nafuu, ili kijana asiuze uhuru wake kwa ajili ya kipaza sauti. Na sisi wasikilizaji, tuache kuwasuta wanamuziki kwa wivu kila wanapoachana. Tuwaulize kwanza waligawanaje.